Tuta la zamani halikaguliwi kwa siku moja

Mtu akiniuliza kama bwawa fulani la udongo, la enzi za mkoloni, bado liko salama, huwa namrudishia swali: nani anakaa pale? Siulizi mmiliki ni nani, wala ni ofisi gani inayo jina lake kwenye orodha. Nauliza mtu anayelipitia lile tuta kila asubuhi, masika na kiangazi, anayejua kwamba hapa penye unyevunyevu leo, wiki iliyopita palikuwa pakavu. Kama mtu huyo hayupo, ripoti nitaandika na muhuri nitapiga, lakini itasema ukweli wa siku niliyofika. Siku hiyo tu.

Nafanya kazi ya maji kanda ya kati, Dodoma na Singida, nchi ambayo mto kwa zaidi ya nusu ya mwaka ni mchanga mtupu. Ndiyo maana huku mabwawa na malambo yalianza kujengwa mapema. Hombolo lilijengwa 1957, na siku hizi linasemwa zaidi kwa kujaa tope kuliko kwa habari za tuta lake. Yapo mengine madogo ya rika hilo ambayo hata jina halijulikani nje ya kata. Yote yalijengwa kwa mtindo mmoja: udongo ulichimbwa hapohapo, ukamwagwa tabaka kwa tabaka, ukashindiliwa kwa mitambo ya wakati ule, bomba la chuma likalazwa chini ya tuta kwenda kwenye mabirika ya ng'ombe, na pembeni ukachongwa utoro wa kupitisha maji ya ziada. Michoro imepotea. Waliojenga wengi wamefariki. Lililobaki ni tuta lenyewe, na tuta haliwezi kuulizwa limeshindiliwaje.

Wageni wakifika bwawani hupanda juu moja kwa moja, wakatazama maji, wakapiga picha. Mimi naanzia upande mkavu, chini kabisa, pale tuta linapokutana na ardhi ya asili. Nafika mapema jua likiwa bado liko chini, kwa sababu saa hizo kila kishimo na kila kibonge kina kivuli chake; ikifika saa sita mchana mteremko wote unaonekana sawasawa na hutaona kitu. Msimu nao una maana. Oktoba, nyasi zote zikiwa zimekauka, ukikuta kiraka cha majani mabichi na ndago kwenye mguu wa tuta, hapo pana maji, hata kama mguu wako haujalowa.

Sasa, mtu asikimbie kwa kusikia hivyo. Hakuna bwawa la udongo lisilopenyeza maji. Udongo wa mfinyanzi hupunguza mwendo wa maji, hauyazuii kabisa. Swali ni maji kiasi gani, yanatokea wapi, na yamebeba nini.

Kiasi kinapimwa kirahisi kuliko watu wanavyodhani. Yale maji unayakusanya kwenye kamfereji, unaweka kibati kilichokatwa umbo la V la nyuzi 90, unasoma kina cha maji yanayopita kwenye ule mkato. Kina cha sentimita 5 ni kama lita 0.8 kwa sekunde. Kikifika sentimita 10 si mara mbili: ni kama lita 4.4. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika, wanaona maji yamepanda vidole viwili au vitatu na kusema ni kawaida, kumbe yameongezeka zaidi ya mara tano. Kama kibati hakuna, ndoo ya lita 20 na saa ya simu vinatosha. Ndoo iliyokuwa ikijaa kwa sekunde 25 ikianza kujaa kwa sekunde 5, acha chai mezani.

Lakini namba hiyo peke yake haina maana bila kujua siku hiyo bwawa lilikuwa na maji kiasi gani. Bwawa likijaa, maji yanayopenya huongezeka, na hiyo haina ubaya. Yakiongezeka wakati bwawa halijapanda, kuna kitu kimefunguka ndani. Na yakipungua ghafla bila sababu watu hufurahi, nami hapo huwa nahangaika zaidi, maana pengine yamepata njia nyingine tusiyoiona.

Halafu rangi. Nachukua chupa ya maji ya kunywa iliyobanduliwa karatasi yake, naijaza pale maji yanapotokea, naisimamisha juu ya boneti ya gari na kuendelea na kazi. Nikirudi natazama chini ya chupa. Maji yaliyokuwa meupe kwa macho yakiacha utando wa udongo pale chini, basi tuta linaondoka kidogo kidogo kupitia tobo lile. Mmomonyoko wa ndani kwa ndani huanzia huku nje, upande mkavu: maji yanapotokea yananyang'anya chembe ya udongo, inayofuata nyuma yake nayo inaondoka, na tundu linarudi kinyumenyume kuelekea kwenye maji ya bwawa. Kadiri linavyokwenda ndani, njia ya maji inafupika, na maji yanaongezeka nguvu. Siku tundu hilo likifika bwawani, kazi ya mkaguzi imekwisha, imeanza ya waokoaji.

Mwendo wa jambo hili ulionekana mchana kweupe Marekani, jimbo la Idaho, tarehe 5 Juni 1976. Bwawa la Teton, tuta la kimo cha mita 93, halikuwa hata la zamani. Ndiyo kwanza lilikuwa linajazwa maji. Asubuhi, kwenye saa moja na nusu za hukohuko, wafanyakazi waliona maji ya tope yakitoka ubavuni. Wakapeleka matingatinga mawili kusukuma udongo kwenye tundu. Tundu likayameza yote mawili, madereva wakaokolewa. Saa sita kasoro dakika tatu mchana tuta likavunjika. Watu 11 walikufa, na idadi ingekuwa kubwa sana kama ingekuwa usiku. Hesabu hayo masaa. Toka tope la kwanza mpaka kuvunjika, hata mkutano wa dharura wa wilaya ungekuwa haujafunguliwa.

Kwa hiyo nikifika kwenye bwawa, kabla ya kufungua begi la vipimo, namtafuta mlinzi. Kuna bwawa moja, jina naliacha, ambalo mlinzi wake ni mzee wa Kigogo aliyeanza kulilinda akiwa kijana. Nilimsalimia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kukagua au umekuja kupiga picha?"

Akanitolea daftari la kaunta, jalada limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Kila siku alikuwa ameandika kimo cha maji kwenye rula iliyosimikwa bwawani, mvua kama ilinyesha, na neno moja au mawili: "sawa", "ng'ombe wameshuka", "panya buku kachimba". Wino unabadilika rangi, mwandiko haubadiliki. Halafu kwenye ukurasa wa Machi mwaka ule: "kichemchemi cha kushoto kimeanza kutoa mchanga". Siku inayofuata: "mchanga bado". Halafu: "mchanga umekua".

Tukashuka. Alikuwa amechomeka vijiti kuzunguka ule unyevu, na kila wiki alichomeka vingine ulipofika. Ukivitazama ungeona kabisa umetambaa upande gani. Katikati palikuwa na kichemchemi cha upana wa sahani, maji yakichemka polepole, na kando yake mchanga laini umejikusanya ukazunguka kama kichuguu kidogo. Nilichota. Ulikuwa mchanga mwembamba uliochanganyika na udongo mwekundu, na wekundu ule haukuwa wa ardhi ya pale chini. Ulikuwa wa tuta.

Vijana wa kijiji walikuwa tayari wamebeba udongo wa mfinyanzi kwenye viroba, wanataka kuziba. Ndivyo akili inavyomtuma kila mtu, na ni hatari. Ukiyaziba maji yanapotokea, hayakomi. Yanajikusanya, yanaongezeka msukumo, yanatafuta kutokea pengine ambako hukutazama. Kinachotakiwa ni kuyaacha yatoke huku udongo ukibaki. Unamwaga mchanga mkavu juu ya chemchemi, juu yake kokoto ndogo, juu yake mawe, mapana kuliko ule unyevu wenyewe. Maji yanapita katikati, chembe zinanaswa. Mabwawa ya siku hizi yamejengewa chujio kama hilo ndani ya tuta toka mwanzo; haya ya zamani mengi hayana, kwa hiyo tunayavalisha kwa nje. Mchanga wa mtoni ulikuwa karibu. Ilichukua mchana mzima, na jioni maji yalikuwa yanatoka meupe.

Hatua ya pili ilikuwa kupunguza maji bwawani, na hapo ndipo valvu ilipotuonyesha uzee wake. Ilikuwa imeganda. Hakuna aliyeizungusha kwa miaka, kwa sababu kila mtu alikuwa anaogopa kwamba ikifunguka haitafunga. Kwenye ripoti nyingi nimeona "valvu: ipo" ikiwekewa alama ya vema. Ipo, ndiyo. Swali ni kama inazunguka. Tuliipaka oili, tukaibembeleza kwa spana ndefu mpaka ikalegea, na tukashusha maji taratibu, sentimita chache kwa siku. Kuyashusha kwa pupa nako kuna balaa lake: mteremko wa upande wa maji unabaki umelowa na mzito wakati maji yaliyokuwa yanauegemeza yameondoka, unaweza kuporomoka.

Bomba lenyewe ndilo ninalolishuku kuliko kitu kingine chochote kwenye mabwawa ya umri huu. Kushindilia udongo kando ya bomba la duara ni kazi ngumu hata leo; chini ya ubavu wa bomba mtambo haufiki. Maji hupenda kutembea pale. Na chuma cha miaka sitini kimeshaliwa na kutu, kina matobo, kinavuta udongo wa tuta kwa ndani. Dalili yake huwa juu na si chini: kishimo kinatokea mgongoni mwa tuta, sawasawa na mstari wa bomba, na watu wanakifukia kwa koleo wakidhani ni gurudumu la trekta.

Mgongoni ndiko ninakomalizia. Nyufa zinazokwenda na urefu wa tuta zinaweza kuwa za ukame, zinaweza kuwa mwanzo wa kuporomoka. Unazipima kina kwa waya, unapigilia vijiti pande zote mbili na kupima umbali kila wiki. Nyufa zinazolikata tuta, kutoka upande wa maji kwenda upande mkavu, sizisubirishi. Pale penye bonde napaona baada ya mvua, kwa madimbwi. Sehemu iliyodidimia kidogo tu ndiyo itakayopitisha maji kwanza mafuriko yakija, na tuta la udongo likishapitiwa maji juu halina muda mrefu.

Wanyama na miti, basi. Ng'ombe wakishuka mahali pamoja kila siku wanachimba njia. Nungunungu na panya buku wanatoboa. Mchwa nao wana mashimo yanayofika mbali. Haya wananchi wanayakubali bila ubishi. Miti ndiyo kesi. Tumelelewa na kampeni za kupanda miti, shule zote zimepanda, na kwenye matuta mengi ya mabwawa utakuta mstari mzuri wa miarobaini iliyopandwa na watu wenye nia njema kabisa "kushika udongo". Nyasi fupi ndizo zinazoshika udongo wa tuta. Mti mkubwa unapeleka mizizi ndani, unaficha mteremko usionekane, na siku upepo ukiung'oa unaondoka na donge la tuta. Ukiukata ukaacha kisiki, mizizi inaoza na kuacha mifereji. Kwa hiyo mti mkubwa hauondolewi kiholela: maji yawe chini, kisiki kichimbwe na mizizi yake minene, shimo lijazwe udongo unaofanana na wa tuta na kushindiliwa tabaka kwa tabaka. Kusimama mbele ya mkutano wa kijiji Dodoma, jua la saa nane, na kuomba miti ya kivuli ikatwe, hiyo ni sehemu ya ukaguzi ambayo chuoni hatukufundishwa.

Utoro nao una siasa zake. Mwaka wa mvua chache watu wanapanga viroba vya mchanga kwenye utoro ili bwawa libakize maji zaidi. Wana haki ya kuyataka maji. Lakini kila sentimita 30 za viroba ni sentimita 30 zilizoondolewa kwenye nafasi ya usalama iliyoachwa kati ya maji na mgongo wa tuta. Na bwawa lililojaa tope lina tatizo hilohilo kwa njia nyingine: halina tena tumbo la kupokea mafuriko, yote yanakimbilia utoro.

Usidhani haya ni ya nchi maskini. Tarehe 1 Agosti 2019, mjini Whaley Bridge, Uingereza, utoro wa zege uliokuwa umejengwa juu ya tuta la bwawa la Toddbrook ulibomoka baada ya mvua kubwa. Tuta hilo ni la udongo, la miaka ya 1830. Watu wapatao 1,500 waliondolewa majumbani, helikopta ya jeshi ikashusha mamia ya tani za mawe kuziba pengo, pampu zikashusha maji. Hakufa mtu. Mkaguzi alikuwa amelipitia bwawa hilo Novemba 2018, na uchunguzi uliofuata ulitaja usanifu mbaya wa utoro na matengenezo ya kusuasua. Sheria yao ya 1975 inataka mhandisi huru akague angalau kila baada ya miaka 10, na katikati yake awepo mhandisi msimamizi wa kulifuatilia bwawa. Hata hivyo nusura liwaponyoke.

Solai hawakubahatika. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, kaunti ya Nakuru, Kenya, bwawa la Patel lilivunjika likaua zaidi ya watu 40, wengi wao wanawake na watoto. Mamlaka zilisema mabwawa ya shamba hilo hayakuwa na vibali. Neno "kibali" linasikika kama karatasi ya kusumbua watu, lakini fikiria: bwawa lisilo na kibali halimo kwenye orodha yoyote, na lisilo kwenye orodha hakuna anayelazimika kwenda kuliangalia. Na tusijibane kwenye mabwawa yenye jina. Maafa ya Mai Mahiu, hukohuko Kenya, ya Aprili 2024 yalitangazwa kwanza kuwa ni bwawa limevunjika. Baadaye wizara ikaeleza kwamba takataka ziliziba njia ya maji chini ya tuta la reli, maji yakajikusanya nyuma yake mpaka yakapasua. Tuta lolote linalozuia maji ni bwawa, lililokusudiwa na lisilokusudiwa.

Sisi Tanzania tunayo Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, na usalama wa mabwawa umo ndani yake. Sina ugomvi na sheria. Ugomvi wangu ni na bajeti ambayo ina fungu la gari, mafuta na posho ya safari ya mkaguzi, na haina hata shilingi ya mtu anayeishi pale. Nimewahi kusoma mpango wa matengenezo wa bwawa wenye kurasa nyingi, una kamera na vihisio vya kutuma taarifa kwa mtandao, na nafasi ya mlinzi imefutwa ili gharama zipungue. Vihisio ni vizuri, nisieleweke vibaya. Piezomita iliyowekwa mahali sahihi inakueleza kimo cha maji ndani ya tuta, jambo ambalo jicho haliwezi. Ila hakuna kihisio kinachojua kwamba ng'ombe wa fulani wamehamishia njia yao upande wa kulia, au kwamba vyura wameanza kulia mahali ambapo hawajawahi kulia.

Kwa yule mzee, kamati ya bwawa ilikaa baada ya shughuli ya kichemchemi. Ilikubaliwa kwamba wenye bustani na wenye mifugo wachange kila mwezi, apate posho, na mjukuu wake apewe kazi ya kufyeka mteremko na kupiga picha ya rula kila asubuhi ili airushe kwenye kundi la WhatsApp la kamati, nami nimo. Picha zinakuja, nyingine zina kidole. Mzee hakuafiki daftari liachwe. Simu ya mwanzo ya mjukuu ilishatumbukia bwawani na picha zake zote. Miarobaini itang'olewa Septemba, maji yakiwa chini, isipokuwa mmoja ambao mwenyekiti bado anaukatalia. Michango inakusanywa kwa kuvutana. Posho ya Februari bado hawajampa.